Kufiti fomula moja kwenye data nyingi za maji: dhana potofu na ukweli

Watu wanaopima maji kupwa na kujaa hapa kwetu, wawe wanafunzi, watu wa mwani au wajenzi wa gati, mara nyingi wanaishia na vipande vipande, siku nne za Malindi ya Unguja mwezi huu, siku tano mwezi ujao kwa senso nyengine, halafu wakikaa kwenye kompyuta wanaambiana mambo ambayo si kweli. Mie linaniuma khasa, kwa sababu data hizo mtu kazipata kwa kusimama majini, na vipande hivyo vikifitiwa kwa pamoja, yaani kutafutiwa namba za fomula moja zinazokaribiana navyo vyote, vinatoa majibu ambayo kimoja peke yake hakiwezi kuyatoa.

Dhana: fiti kila kipande mbali, kisha chukua wastani, yote sawa tu

Si sawa. Maji yetu yanaongozwa na mawimbi mawili makubwa, la mwezi wanaliita M2 na linajirudia kila saa 12.42, la jua wanaliita S2 na lake ni saa 12 kamili. Yakienda pamoja ndo bamvua, yakipingana ndo maji mafu, na kutoka bamvua moja hadi jengine ni siku 14.77. Sasa wewe una siku nne tu, ndani ya siku nne mawimbi hayo yanaonekana kama moja, kwahivyo kompyuta inaweza kukupa M2 kubwa kupita kiasi na S2 kubwa kupita kiasi yanayofutana yenyewe kwa yenyewe, kipande chengine kikatoa kinyume chake, na wastani wa majibu mawili mabovu hauwi jibu zuri. Tena fezi, yaani pahala wimbi lilipo kwenye mzunguko wake kwa digrii, haichukuliwi wastani hivihivi, digrii 350 na digrii 10 ni majirani kabisa lakini wastani wake wa kawaida unasema 180, upande wa pili kabisa wa duara.

Ukifiti kwa pamoja, kimo (ukubwa wa wimbi) na fezi ya M2 na S2 zikawa parameta, yaani namba inazotafuta kompyuta, za pamoja kwa vipande vyote, basi vinasaidiana: kipande cha bamvua kinaeleza jumla ya vimo viwili, kipande cha maji mafu kinaeleza tofauti yao, na ukiwa na jumla na tofauti umeshavipata vyote viwili.

Dhana: basi mimina data zote kwenye kolamu moja, ufiti mara moja

Hapo umeshirikisha kila kitu, hata visivyoshirikiana. Kila kipimo kina sifuri yake, mmoja kapima kutoka chini ya nguzo mwengine kutoka kwenye jiwe, na usawa wa bahari wenyewe hupanda au kushuka kidogo kwa upepo na hali ya hewa, kwahivyo usawa wa wastani lazima uwe parameta ya kila kipande peke yake. Na kama kipande kimoja ni cha Malindi na chengine cha ndani ya Ghuba ya Chwaka basi hata kimo na fezi usishirikishe, ni maji tofauti.

Jengine hapa, na naliomba sana lisipitwe: saa. Fezi ya pamoja inataka saa moja kwa wote. Mtu akiandika saa 4 asubuhi kwa hesabu yetu na senso ikaandika 10:00, kuna pengo la saa 6, na M2 inakwenda digrii 28.98 kwa saa, yaani umeisogeza karibu digrii 174, maji kujaa yamegeuka kupwa! Kompyuta haitolalamika, itakupa tu kimo kidogo cha ajabu kwa sababu vipande vinapingana.

Dhana: kufunga parameta, yaani kuipa namba isiyobadilika, ni kudanganya

Inategemea umeifunga kwa nini. Saa 12.42 inatoka kwenye mwendo wa mwezi, inajulikana kwa desimali nyingi kuliko senso yoyote ya siku nne itakavyoweza kukwambia, ukiiacha huru unaiharibu bure, ifunge. Lakini ukifunga kimo cha S2 kwa namba uliyoibuni kwa vile fiti imegoma, kosa halipotei, linahamia kwenye M2, na ubaya zaidi kosa la M2 kwenye jadweli litaonekana dogo kwa sababu programu inaichukulia ile namba yako kama haina shaka hata chembe.

Dhana: kufiti mbali kumetoa R mraba kubwa zaidi, kwahivyo ndo sahihi

R mraba ni kipimo cha jinsi fomula inavyokaribiana na data, na hapa lazima itoke kubwa au angalau ilingane, parameta ni nyingi. Vipande vitatu kila kimoja na parameta tano ni 15, ukishirikisha kimo na fezi unabaki na 7 tu (sifuri tatu, vimo viwili, fezi mbili). Linganisha kwa F-test au AIC, vipimo vya takwimu vinavyotoza gharama kwa kila parameta, na tazama mabaki (tofauti ya kipimo na fomula) ya kila kipande kwa macho yako.

Dhana: lazima programu ya kununua

Hapana. Python na R ni bure, unaunganisha mabaki ya vipande vyote kwenye orodha moja na kupunguza jumla ya miraba yake. Hata LibreOffice ina Solver, kifaa cha kutafuta namba zinazofaa, seli moja ya M2 inasomwa na kolamu zote, seli ya sifuri kila kolamu na yake. Ila gawa mabaki kwa kosa la kipimo kwanza, maana kosa la senso na la mtu wa kusoma kijiti si sawa, na senso ya kila dakika 10 ina nukta 144 kwa siku, mtu wa kusoma kijiti kila saa ana 24 tu.

Dhana: kwa kuwa ni pahala pamoja, S2 ni ile ile mwaka mzima

Wavuvi wanajua bamvua la Machi na la Septemba huwa kubwa zaidi. Sababu moja ni wimbi jengine, K2, la saa 11.97, linalokaribiana mno na S2, na kuyatenganisha kunataka rekodi ya siku 182 hivi. Kipande cha Machi na cha Juni ukivilazimisha S2 moja bila K2 vitagombana. Desturi ni kuifunga K2 kwa uwiano, kimo chake 0.272 ya S2 na fezi ile ile, na ukishapata rekodi ya nusu mwaka unaifungua.