Usalama kazini na usafi wa chakula kwenye treni: viashiria vinapima nini?

Shirika la reli ya abiria linapotangaza kuwa usalama kazini umeimarika, mara nyingi linategemea namba moja: kiwango cha ajali kazini. Huchukuliwa idadi ya wafanyakazi walioumia, ikazidishwa kwa 200,000, kisha ikagawanywa kwa jumla ya saa walizofanya kazi wafanyakazi wote. Hizo 200,000 ni saa za watu 100 wanaofanya kazi saa 40 kwa wiki, kwa wiki 50. Huo ni utaratibu wa Marekani. Kwingine hutumika saa 1,000,000. Tuseme wameumia watu 6 katika saa 800,000. Kwa hesabu ya kwanza jibu ni 1.5, kwa ya pili ni 7.5, na ajali ni zilezile. Usilinganishe mashirika mawili kabla ya kujua hilo.

Kiwango hicho ni kiashiria cha matokeo: huhesabu madhara yakishatokea, tena yale yaliyoripotiwa tu. Mpishi wa behewa la mgahawa akiungua mafuta treni ikiyumba, akajifunga kitambaa na kuendelea kukaanga, hayumo. Na pale bonasi inapotegemea kumaliza mwezi bila ajali, watu hunyamaza. Ndiyo maana mimi naviamini zaidi viashiria tangulizi, vinavyopima kinachofanyika kabla mtu hajaumia: ajali ngapi za kunusurika, yaani zilizokaribia kutokea bila mtu kuumia, zimeripotiwa, na kasoro ngapi za jikoni zimetengenezwa kwa wakati.

Kwenye chakula jambo hili ni zito zaidi. Dalili za salmonela, bakteria wa kwenye chakula wanaoharisha, kwa kawaida huanza saa 6 hadi 72 baada ya kula. Abiria ameshashuka, yuko kwao, na tumbo lake haliingii kwenye ripoti yoyote ya reli. Kuhesabu malalamiko hakutoshi. Lazima kupima joto. Shirika la Afya Duniani linaelekeza chakula cha baridi kihifadhiwe chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, cha moto juu ya 60, na kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2.

Kipo pia kiashiria kinachogusa pande zote mbili, mfanyakazi na chakula: mpishi anayeharisha analipwa akibaki nyumbani? Mwongozo wa Uingereza unataka asirudi kazini mpaka saa 48 zipite tangu dalili ziishe. Asipolipwa, atapanda treni akiwa mgonjwa.

Reli ya TAZARA, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ina urefu wa kilomita 1,860. Kwenye safari ndefu kama hiyo, mkaguzi makini huliweka daftari la joto la jikoni kando ya kumbukumbu za mwendo wa treni. Ikiwa treni ilikwama Makambako kwa muda wa saa nne, umeme wa behewa ukakatika, na daftari bado linaonyesha nyuzi 63 kila saa bila kubadilika, hapo ndipo pa kuanza kuuliza maswali.