Uhafidhina wa Oren Cass: mzalishaji kwanza, mlaji baadae

Tumezoea kwamba mhafidhina wa Marekani akianza kuongea uchumi utasikia yaleyale, kodi zipungue, serikali ikae pembeni, soko liachwe lifanye kazi yake. Chama cha Republican kimeimba hivo tangu Rais Ronald Reagan aingie Ikulu 1981. Sasa ukimsoma Oren Cass unaweza ukadhani amekosea chama, maana huyu ni mhafidhina kabisa, mwaka 2012 ndo alisimamia sera za ndani kwenye kampeni ya urais ya Mitt Romney, lakini anataka ushuru wa forodha, anataka wafanyakazi wawe na nguvu ya kukaa mezani na mwajiri, na Wall Street, yaani mabenki na wawekezaji wakubwa wa New York, anaisema waziwazi kwamba inachuma hela bila kujenga kitu. Mwaka 2020 akaanzisha taasisi inaitwa American Compass kwa kazi hiyohiyo.

Dhana yenyewe ni hivi. Uchumi wa soko huria unampima mtu kama mlaji, yaani mnunuzi wa bidhaa. Tivii ikishuka bei basi wote tumefaidika, kiwanda kikihamia China sio shida kwa sababu keki ya taifa imekua na aliyepoteza kazi anaweza kukatiwa kipande kwa njia ya ruzuku. Cass anasema hapo ndo tulipopotea. Mtu kabla ya kuwa mlaji ni mzalishaji, ana familia inamtegemea, ana mtaa unaomjua kwa kazi yake, na heshima ya kuleta chakula nyumbani huwezi kuilipia kwa posho ya serikali. Kwahiyo swali la kwanza la sera yoyote kwake ni je, mtu wa kawaida, hata asiye na digrii, atapata kazi inayoweza kulea familia? Hilo likikaa sawa, anasema, ustawi wa muda mrefu unafuata.

Na hapa ndo ana hesabu ambayo mimi ilinigusa sana. Alichukua vitu vinne, nyumba, matibabu, usafiri na ada ya chuo, akauliza mwanaume wa kipato cha kati Marekani anatakiwa afanye kazi wiki ngapi ili avilipie kwa ajili ya familia yake. Mwaka 1985 zilikuwa wiki 30. Mwaka 2018 zikawa 53, na mwaka mzima una wiki 52! Yaani mtu anafanya kazi mwaka mzima hapumziki na bado hajafika, wakati huohuo takwimu za kawaida zinamwambia maisha yake yamepanda. Wachumi wengine wa mrengo wa kulia wamempinga kwa nguvu kwenye hii hesabu, wanasema nyumba na matibabu ya leo ni bora kuliko ya zamani, na gharama kubwa ya bima ya afya inabebwa na mwajiri. Ni hoja ya kweli, ila haimsaidii anayetakiwa kulipa, maana nyumba ya ubora wa 1985 kwa bei ya 1985 haiuzwi popote.

Kingine anachopenda kukumbushia ni Adam Smith, yule mwanafalsafa wa Uskoti anayeitwa baba wa uchumi wa soko. Ule "mkono usioonekana" wa kitabu chake cha 1776, yaani kwamba kila mtu akitafuta faida yake jamii nzima inafaidika, kila mtu anaunukuu, lakini sentensi yenyewe inaanza na mfanyabiashara anayependelea kuweka mtaji wake nyumbani kuliko nje, na Cass anasema sharti hilo likiondoka, faida ya tajiri na faida ya nchi zinaachana njia. Anatoa mfano wa China kuingia WTO, shirika la biashara duniani, 2001. Ajira za viwandani Marekani zilikuwa zaidi ya milioni 17 mwaka 2000, kufika 2010 zimeshuka chini ya milioni 12. Mashine nazo zimechangia, hilo lisifichwe. Dawa yake ni ushuru kwa bidhaa zote toka nje, kuanzia asilimia 10, alafu na ruzuku ya kuongezea mshahara wa wenye kipato cha chini.

Wapo waliomsikiliza, wanasiasa wa Republican Marco Rubio na JD Vance wamekuwa karibu na mawazo haya muda mrefu.

Mimi nakubaliana nae kwenye swali kuliko kwenye dawa. Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba ili viwanda vyake vya nguo vipumue, hoja ileile ya Cass neno kwa neno, na Marekani mwaka 2018 ikaisimamishia nafuu ya AGOA, mpango wa kuingiza bidhaa za Afrika Marekani bila ushuru, kwa nguo zake. Alafu Aprili 2025 ikatangaza ushuru wa asilimia 10 kwa bidhaa za Kenya, Tanzania na Uganda. Fundi cherehani wa Athi River, Kenya, anayeshona nguo za soko la Marekani nae ni mzalishaji, nae ana watoto wanaomsubiri jioni, na kwenye hesabu ya Cass sijamuona.