Kijana amepotea ugenini: ya kufanya kabla jua halijazama

Asubuhi ya Juni 17, 2024, kijana wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 19 alimpigia rafiki yake simu akiwa kwenye milima ya Teno, kaskazini-magharibi mwa kisiwa cha Tenerife, Hispania. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa kwenye starehe za tamasha la muziki upande wa kusini wa kisiwa, kisha akaenda na watu aliokutana nao hadi nyumba ya kupanga katika kijiji cha Masca. Kulipokucha alikosa basi, akaamua kurudi kwa miguu, mwendo wa takribani saa 11. Alisema amepotea, ana kiu, na simu imebaki na chaji asilimia 1. Baada ya hapo simu ikazimika.

Mbwa, droni na helikopta zilitafuta kwa karibu wiki mbili. Utafutaji mkubwa ulisitishwa Juni 30, lakini kikosi cha milimani cha Guardia Civil, moja ya majeshi ya polisi ya Hispania, kiliendelea, na Julai 15 kikaupata mwili wake katika sehemu ngumu kufikika ya korongo la Masca. Uchunguzi wa kimahakama uliofanyika Uingereza mwaka 2025 ulihitimisha kwamba alianguka kwa bahati mbaya.

Hatumlaumu marehemu wala rafiki zake. Tunaanza na tukio hili kwa sababu watu wengi hudhani utafutaji unaanza helikopta inaporuka. La hasha. Unaanza na mtu mmoja aliyepokea simu, na alichokiandika katika dakika kumi zinazofuata.

Akikupigia na chaji inakata

Usianze na "umefikaje huko?" wala kumgombeza. Asilimia chache za chaji zinaisha kwa maswali hayo. Mwambie mambo matatu: asimame hapo alipo, akae kivulini, akate simu na apige namba ya dharura mwenyewe. Katika nchi zote za Umoja wa Ulaya namba hiyo ni 112. Haina malipo, na mtandao wake ukiwa haushiki, simu inaweza kupita kwenye mtandao wa kampuni nyingine yoyote iliyopo hapo. Simu janja nyingi pia hutuma mahali ilipo kwa kituo cha dharura zenyewe, pasipo mpigaji kubonyeza kitu, ingawa kwa laini ya nchi nyingine jambo hilo lisitegemewe asilimia mia.

Hapa wengi wanateleza: 112 unayoipiga ukiwa Dar es Salaam inapokelewa Tanzania, ya Nairobi inapokelewa Kenya. Haikufikishi Hispania. Ukiwa mbali, tafuta namba kamili ya polisi wa mji ule yenye msimbo wa nchi, au pigia mapokezi ya hoteli aliyofikia kijana, wao wawapigie polisi kwa niaba yako. Mapokezi wanajua lugha na wanajua kituo kilipo.

Kama anaweza kutuma kitu kimoja tu, atume mahali alipo. Wasapu inahitaji data, na milimani data huwa ya kwanza kupotea. Meseji ya kawaida hupenya hata pale simu ya sauti inapokatika, kwa sababu inahitaji mtandao wa sekunde chache tu. Isitoshe, simu hujua ilipo kwa setilaiti hata bila mtandao wowote: afungue ramani, abonyeze kwa muda kwenye nukta ya buluu, zitokee namba mbili. Azitume au azisome taratibu, nawe uziandike zote. Tarakimu mbili baada ya nukta zinakupa eneo la kama kilomita moja, zikiwa nne zinakupa mita 11 hivi. Usizifupishe. Na alama ya kutoa ina maana yake: ukiiacha kwenye namba ya pili ya Tenerife, ambayo ni kama -16.84, umempeleka mtu kwenye jangwa la Afrika.

Kisha aweke simu kwenye hali ya ndege na kuitoa humo kila baada ya muda mliokubaliana, tuseme kila saa kamili kwa dakika mbili. Simu iliyo bondeni hutumia chaji nyingi sana kuutafuta mnara usioonekana.

Kwa nini asimame

Anayeijua Usambara au Uluguru anajua ushauri wa wazee: ukipotea fuata maji, utafika kwa watu. Kwenye visiwa vya volkano kama Tenerife ushauri huo unaua. Korongo la Masca linatoka kijijini mpaka baharini, kilomita 5 hivi, na bahari inaonekana kama iko karibu tu. Mtu mwenye kiu anateremka. Njiani kuna maporomoko makavu, yaani ngazi za mwamba ambazo maji ya mvua yamezichonga, mita mbili hapa, mita nne pale. Ya kwanza unaiteleza kwa makalio na unafika chini salama. Kuipanda tena huwezi, maana mwamba umelainika na hauna pa kushika. Unaendelea mbele kwa vile hakuna njia nyingine, unaikuta ya pili ambayo ni mita 20. Sasa umekwama katikati, kuta pande zote, mtandao hakuna, na anayepita barabarani juu hakuoni wala hakusikii.

Basi kama lazima asogee, apande kuelekea alikotoka, njia ile ile aliyokuja nayo, si kushuka kwenye njia mpya. Nguo yenye rangi kali aitandaze juu ya jiwe. Filimbi au tochi atumie kwa mpangilio unaojulikana na waokoaji wa milimani: ishara sita ndani ya dakika moja, anyamaze dakika moja, arudie. Akijibiwa, atasikia au kuona ishara tatu kwa dakika.

Mnara si mtu

Familia ikiambiwa "simu ilionekana mara ya mwisho eneo fulani", hukimbilia hapo. Lakini kinachojulikana mara nyingi ni mnara uliohudumia simu na upande wa antena yake, ambao kwa kawaida ni theluthi moja ya duara. Umbali kutoka mnara nao hukadiriwa: kwa mtandao wa 2G makadirio yanakwenda kwa hatua za mita 550 hivi, kwa 4G ni finyu zaidi. Milimani mawimbi hudunda kwenye kuta za mawe, hivyo mtu anaweza kuwa bonde la pili kabisa. Ndiyo maana wataalamu huchora eneo pana na kuligawa kwa uwezekano, huku ndugu wakishangaa kwa nini "hawaendi pale pale".

Usisubiri saa 24

Hii dhana imekaa vichwani mwa watu kwa ukaidi wa ajabu. Nchini Hispania hakuna sharti la kusubiri, na hata kwetu anayeambiwa "rudi kesho" ana haki ya kumwomba mkuu wa kituo aandikishe. Aliye karibu aende kituoni, taarifa ya maandishi Hispania inaitwa *denuncia*, achukue nakala na namba yake. Nyumbani nako fungueni taarifa polisi, mpate namba ya RB kama ni Tanzania au OB kama ni Kenya. Namba hizi mbili, ya huko na ya nyumbani, ndizo kila ofisi itakazowauliza baadaye.

Kwenye maelezo yenu kuna mitego miwili ya kwetu wenyewe. Wa kwanza ni saa. Mama akisema "alipiga saa tatu asubuhi", mkalimani asiyekijua Kiswahili chetu vizuri ataandika 03:00, na kamera zitakaguliwa za usiku wa manane. Andikeni 09:00, halafu mtaje ni saa za wapi. Kati ya Afrika Mashariki na visiwa vya Kanari, ambako Tenerife ipo, kuna tofauti ya saa 2 kipindi chao cha kiangazi na saa 3 kipindi cha baridi.

Wa pili ni majina. Pasipoti ina majina matatu, hotelini ameandikwa mawili, Instagram anajiita kingine, na marafiki wanamjua kwa jina la utani tu. Hospitali ikiulizwa jina moja itajibu hayupo, na itakuwa haidanganyi. Toeni yote, pamoja na namba ya pasipoti na tarehe ya kuzaliwa. Ongezeni namba tambulishi ya simu, ile yenye tarakimu 15. Ipo kwenye boksi la simu, na kwenye simu yenyewe hupatikana kwa kubonyeza *#06#. Mtu akibadilisha laini namba hii inabaki vile vile.

Kwa picha, chagueni ya siku za karibuni, uso wazi, isiyorembeshwa na programu. Bora zaidi ni ile ya jana yake akiwa na nguo alizotoka nazo. Viatu vitajwe hadi namba na aina ya soli: nyayo ni ushahidi.

Chumba kisiguswe

Rafiki wenye huruma hufungasha vitu vya mwenzao ili hoteli isiwatoze siku ya ziada. Wanapofanya hivyo wanaharibu mambo mawili. Mbwa wa kufuata harufu anahitaji kitu kilichovaliwa na mtu huyo peke yake, kama soksi, fulana ya kulalia au foronya. Kichukuliwe kwa kibanio au mfuko uliogeuzwa nje ndani, kiwekwe kwenye mfuko safi na kufungwa. Kikishikwa kwa mikono ya watu watatu, au kikilala begi moja na nguo za wengine, mbwa anapewa harufu nne na kuambiwa achague.

Mswaki, kitana na wembe ni vya vinasaba. Hivi, kinyume na soksi, huwekwa kwenye bahasha ya karatasi. Kitu chenye unyevu ndani ya nailoni huota ukungu, na sampuli inaharibika. Wazazi na ndugu wa damu wanaweza kuombwa sampuli ya mate. Ombi hilo halimaanishi kwamba polisi wamekata tamaa. Linafanywa mapema kwa sababu baadaye huchelewesha kila kitu.

Kamera nazo hazingoji. Sheria ya Hispania inataka picha za kamera za ulinzi zifutwe ndani ya mwezi mmoja, na mitambo mingi midogo ya maduka hujifuta ndani ya siku chache. Hamtapewa picha hizo mkononi, hilo ni la polisi. Mnachoweza ni kuzunguka na kuandika kila duka, kituo cha basi na baa yenye kamera, mkawapa polisi orodha ile siku ya kwanza na kumwomba mwenye duka asizifute.

Ubalozi na Interpol: kazi yao ni ipi

Afisa wa ubalozi hafanyi upelelezi, hakodi helikopta, wala hana amri juu ya polisi wa nchi nyingine. Anachofanya, kwa Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu mahusiano ya kibalozi, ni kuwasaidia raia wake: kufuatilia faili, kuulizia mahabusu na hospitali, kutafuta mkalimani, kuwaelekeza ndugu wanaotaka kusafiri. Swali la mahabusu ni muhimu kuliko linavyosikika. Mtu aliyekamatwa ana haki ubalozi wake ujulishwe, lakini kwa kawaida hadi aombe mwenyewe, na kijana mwenye aibu haombi. Kenya ina ubalozi Madrid, zaidi ya kilomita 1,700 kutoka Tenerife. Mtarajie simu na barua pepe, si afisa kufika mlangoni jioni ile.

Notisi ya njano ya Interpol, yaani tangazo la mtu aliyepotea linalosambazwa kwa polisi wa nchi wanachama, familia haiwezi kuiomba moja kwa moja. Inaombwa na ofisi ya Interpol ya taifa kupitia polisi, ndiyo sababu tulisisitiza RB na OB. Kesi ikirefuka, tangu 2021 Interpol ina mfumo uitwao I-Familia unaolinganisha vinasaba vya ndugu na vya miili isiyotambuliwa kutoka nchi nyingine.

Bima ya afya ya euro 30,000 inayodaiwa kwa viza ya Schengen inahusu matibabu ya dharura na kurejeshwa nyumbani. Gharama za kutafutwa mlimani ni kifungu kingine, kinaweza kuwemo au kisiwemo. Soma kabla ya kulipa.

Mitandaoni

Tangazo liwe moja, lenye tarehe, namba ya taarifa ya polisi na simu ya polisi. Kama lazima mweke namba ya familia, nunueni laini mpya kwa kazi hiyo tu, ishikwe na mtu mmoja mwenye kifua. Ndani ya saa chache atapiga mtu wa kusema "tunaye, tuma pesa". Jibu ni swali moja ambalo kijana pekee analijua na halipo mtandaoni: jina la mbuzi wa bibi, kovu la goti lilitokana na nini. Kwa ajili hiyo, msitangaze kila alama ya mwili wake. Bakizeni moja mnayoijua ninyi na polisi. Katika ile kesi ya Tenerife wapelelezi wa mitandaoni walizua nadharia za kila aina na kuitesa familia iliyokuwa tayari na msiba wake.

Na kuna wanaopatikana wakiwa wazima, wamehamia kwa mtu au wamechoka na nyumbani. Aliyetimiza miaka 18 ana uhuru wa kwenda atakako. Katika nchi nyingi za Ulaya polisi wakimpata watawaambia yuko salama, faili litafungwa, na anuani hawatawapa bila ridhaa yake. Mnaweza kumwachia afisa ujumbe ampelekee. Tangazo mlilosambaza liondoeni siku hiyo hiyo, na kila kundi la Wasapu liarifiwe, maana picha yake itaendelea kuzunguka na maneno "amepotea" kwa miaka.