Huduma Ikizimika Ghafla, Msikimbilie Kuzima na Kuwasha Seva

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu la TEHAMA hapa Kigoma yameongezeka tangu mvua zianze, na karibu yote yana maneno yaleyale: "mtandao hakuna". Mwananchi ametoka Kalinzi au Ilagala, amepanga foleni tangu asubuhi, amefika dirishani akaambiwa arudi kesho. Ana haki ya kukasirika. Lakini mara nyingi mtandao upo. Kilichokufa ni huduma moja ndani ya seva, yaani programu inayoendesha kazi fulani kimyakimya, na anayeshindwa kutofautisha hayo mawili atahangaika na ruta na nyaya huku tatizo likimsubiri Jumatatu ijayo.

Makala haya yanawahusu kwanza maafisa wa TEHAMA na mafundi wanaotunza seva za ofisi, shule, zahanati na SACCOS mkoani kwetu. Yanawahusu pia wakuu wao wa kazi, maana amri ya "zima, washa" mara nyingi hutoka kwao.

Tabia hiyo ya zima-washa ndiyo inayotuumiza zaidi. Fundi anapigiwa simu, mkuu amesimama nyuma yake, foleni inanung'unika, naye anabonyeza kitufe. Huduma inarudi, watu wanashukuru, na chanzo kinabaki palepale. Kilichopotea ni ushahidi: programu zipi zilikuwa zinakula memori (RAM), miunganisho mingapi ilikuwa wazi, huduma ilikuwa katika hali gani ilipokufa. Kwenye seva kadhaa za Linux hata jarida la mfumo, yaani logi ya matukio yake, huandikwa kwenye memori tu, chini ya /run/log/journal, mpaka msimamizi atengeneze folda ya /var/log/journal. Ukizima seva ya namna hiyo, umefuta jarida lote. Tengenezeni folda hiyo leo, kabla ya kusoma aya inayofuata.

Utaratibu tunaoutaka ni huu, na hauzidi dakika chache. Andika saa huduma ilipogundulika imekufa. Piga picha ya skrini. Kwenye Linux tazama systemctl status ya huduma husika, kisha journalctl -u pamoja na jina lake, kisha dmesg -T kwa ujumbe wa keneli (kiini cha mfumo endeshi), kisha free -h kwa memori, na df mara mbili: df -h kwa nafasi ya diski na df -i kwa idadi ya mafaili. Hiyo ya pili husahaulika, na diski yenye nafasi tele inaweza kukataa faili jipya kwa sababu inodi, yaani nafasi za kusajili mafaili, zimeisha. Hifadhi matokeo yote kwenye faili moja lenye tarehe. Baada ya hapo washa huduma peke yake. Seva nzima iacheni, isipokuwa imeganda kabisa na haijibu hata kibodi.

Ofisi moja mkoani ilikuwa na kanzidata (programu inayotunza data za ofisi) iliyokufa kila Jumatatu asubuhi. Waliongeza kifurushi cha intaneti, wakabadilisha ruta, wakamwandikia barua mtoa huduma. Siku ambayo hakuna aliyewahi kugusa kitufe, logi ya keneli ilionyesha mstari huu: "Out of memory: Killed process", na mbele yake jina la kanzidata. Memori ilikuwa imeisha. Ila aliyeimaliza hakuwa kanzidata. Ilikuwa programu ya ripoti za wiki, ambayo wahudumu wa madirisha yote waliifungua kwa wakati mmoja, kila moja ikipakia data ya mwaka mzima. Memori inapoisha, keneli huchagua programu ya kuua, na kipimo chake kikubwa ni kiasi cha memori ambacho programu imeshika. Kanzidata ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote, ikafa kwa kosa la wengine. Ripoti zikahamishiwa usiku, zikawekewa kikomo cha memori, na kifo cha Jumatatu kikakoma. Intaneti haikuhusika hata kidogo.

Kwa hiyo someni namba za kifo. Systemd, programu inayosimamia huduma kwenye Linux, ikiandika status=9/KILL, huduma imeuawa na mwingine, na mtuhumiwa wa kwanza ni memori; kwenye kontena (programu iliyotengwa peke yake ndani ya seva) kifo hicho huonekana kama 137, yaani 128 kujumlisha 9. Ikiandika 11/SEGV, programu yenyewe imegusa memori isiyo yake: kuna kasoro ya programu, au RAM yenyewe ni mbovu. Kwenye Windows fungua Event Viewer, kisomeo cha logi zake. Tukio 7031 au 7034 linasema huduma imekoma bila kutarajiwa, na tukio 1000 kwenye logi ya Application hutaja moduli iliyoangusha programu. Ukikuta 41 au 6008, acha kuchunguza programu: kompyuta nzima ilizimika ghafla, na mara nyingi hapo ni suala la umeme. Kagua UPS (kifaa kinachoshikilia umeme ukikatika) na betri zake. Kigoma ilitegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi kabla ya gridi ya taifa, na tumezoea kuulaumu umeme kwa kila jambo. Pasipo tukio la 41 au 6008, tafuta kwingine kwanza.

Sasa suala la saa, ambalo linatupotezea muda mwingi kuliko inavyostahili. Mwananchi anaandika kwamba mfumo ulikwama saa 4:10 asubuhi. Hiyo ni 10:10 kwa saa ya kompyuta, na kama seva inaandika logi kwa UTC (saa ya kimataifa), ni 07:10, kwa kuwa sisi tuko saa 3 mbele. Fundi anafungua logi ya 04:10, anakuta kimya, anajibu kwamba hakuna tatizo lililoonekana. Majibu ya aina hiyo yamefunga malalamiko ya kweli, na hayakubaliki.

Kuhusu huduma kujiwasha yenyewe, wekeni Restart=on-failure kwenye mipangilio yake, lakini jueni kwamba kwa mpangilio wa kawaida systemd ikiianzisha huduma mara 5 ndani ya sekunde 10 huacha kujaribu. Ongezeni RestartSec (muda wa kusubiri kabla ya kuwasha tena), na muweke taarifa ya kumwamsha msimamizi, maana huduma inayokufa na kufufuka kimyakimya inaweza kuharibu data.

Tumeona pia logi nzima, zenye majina na namba za simu za wateja, zikitupwa kwenye makundi ya WhatsApp kuomba msaada. Hizo ni taarifa binafsi, zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Futeni majina na namba kabla ya kumtumia mtu wa nje. Kumpa rafiki nywila ya msimamizi "aangalie kidogo" ni hatari zaidi. Chini ya kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kinyume cha sheria kuna faini isiyopungua shilingi milioni 3, au mara tatu ya manufaa yaliyopatikana, ipi iliyo kubwa, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Kufuta au kuharibu data kinyume cha sheria, kifungu cha 7, faini huanzia shilingi milioni 10, au kifungo kuanzia miaka 3, au vyote viwili. Anayefuta logi ili kuficha uzembe wake alisome hilo kwa makini.

Nanyi wananchi, mfumo ukikwama baada ya kulipa, tafadhali msiombe namba nyingine ya kumbukumbu ya malipo na kulipa tena. Malipo ya serikali hupita GePG, mfumo wa serikali wa malipo ya kielektroniki, si seva ya ofisi inayokuhudumia, na taarifa zake huoanishwa seva ikirudi. Tunza ujumbe wa benki au wa simu. Ukileta lalamiko, andika tarehe, saa, dirisha ulilohudumiwa na maneno kamili yaliyotokea kwenye skrini. Mwombe mhudumu akusomee. Usiandike "mtandao hakuna". Maneno hayo hayatuonyeshi pa kuanzia, na lalamiko lako litasubiri mpaka tukupigie kukuuliza upya.