Lifti Inayoruka Ghorofa Mbili: Usanifu wa Peabody Terrace

Mgeni anayeingia kwenye minara ya Peabody Terrace, makazi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard mjini Cambridge, Massachusetts, hushangazwa kwanza na lifti. Kila mnara una ghorofa 22, lakini lifti haisimami kila ghorofa. Inasimama, inaruka mbili, inasimama tena. Anayekaa kwenye ghorofa iliyorukwa hushuka kwenye korido iliyo karibu naye, kisha hupanda au kuteremka ngazi za ghorofa moja hadi mlangoni kwake. Lifti si mbovu. Iliwekwa hivyo kwa makusudi, na ukijua kwa nini, sehemu kubwa ya jengo umekwisha kuielewa.

Turudi nyuma kidogo. Sheria ya mwaka 1944 iliwalipia masomo askari wa Marekani waliotoka vitani, na kufikia 1947 karibu nusu ya wanafunzi wa vyuo nchini humo walikuwa wanajeshi wa zamani. Wengi walikuja na wake na watoto, na mabweni yaliyokuwapo yalijengwa kwa ajili ya vijana waseja. Mwaka 1950 Sheria ya Nyumba ikaviwezesha vyuo kukopa serikalini kwa riba nafuu ili vijenge malazi. Kwa kuwa ardhi ya mjini ilikuwa ghali, vyuo vikaanza kwenda juu. Vingi vilichagua njia nyepesi: korido ndefu katikati, vyumba kushoto na kulia, na ramani ile ile kurudiwa hadi darini. Bila kuficha, mtindo huo siupendi. Kila chumba hupata dirisha upande mmoja tu, hewa haipiti, na korido hubaki na giza mchana kutwa.

Peabody Terrace ilikwenda njia nyingine kwa sababu ya mtu aliyeichora. Josep Lluís Sert alizaliwa Barcelona mwaka 1902, akafanya kazi Paris katika ofisi ya msanifu mashuhuri Le Corbusier, na akashirikiana na Luis Lacasa kusanifu banda la Hispania kwenye maonyesho ya Paris ya 1937, lile ambamo mchoraji Picasso aliutundika mchoro wake Guernica. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikamfanya mkimbizi. Mwaka 1953 akawa mkuu wa shule ya usanifu ya Harvard, na ofisi yake binafsi, Sert, Jackson & Gourley, ndiyo iliyokamilisha makazi haya mwaka 1964: minara mitatu na majengo mafupi kando ya Mto Charles, yenye jumla ya nyumba zinazokaribia 500 kwa wanafunzi wenye ndoa.

Sasa tuikate minara hiyo kwa kisu cha mawazo, kutoka juu hadi chini. Utaona mafungu ya ghorofa tatu tatu. Ghorofa ya katikati ya kila fungu ina korido, na hapo ndipo lifti husimama. Ya juu yake na ya chini yake hazina korido kabisa, ila ngazi fupi zinazounganisha milango michache. Kwa kuwa korido haipo, nyumba inaweza kuanzia ukuta wa upande mmoja na kuishia ukuta wa upande wa pili. Inapata madirisha pande zote mbili, na upepo unaoingia huku unatokea kule. Pia eneo ambalo lingeliwa na korido hurudi kuwa sebule au chumba cha kulala, na milango ya lifti ya kununua na kutunza inapungua kwa theluthi mbili.

Le Corbusier alikuwa amekwisha kuweka korido kila baada ya ghorofa tatu katika jengo lake la makazi la Marseille, Ufaransa, lililokamilika mwaka 1952. Lakini kule kila familia ilikuwa na ngazi ndani ya nyumba yake, na ngazi hula nafasi. Sert alizitoa ngazi nje, majirani wakazitumia pamoja, na kila nyumba ikakaa kwenye sakafu moja. Kwa nyumba ndogo za wanafunzi naona huo ni uamuzi bora kuliko wa mwalimu wake. Tena majengo mafupi ya jirani aliyaunganisha na minara kwa madaraja, ili wakazi wake nao watumie lifti zile zile.

Nje, zege limevishwa roshani, vizuia jua na vibao vya rangi, hivyo ukuta hauonekani kuwa bapa moja refu. Jua la jioni la magharibi huchosha hata huko kwenye theluji, na kivuli kinachowekwa nje ya kioo huzuia joto kabla halijaingia, jambo ambalo pazia la ndani haliwezi.

Kasoro zipo. Mama mwenye mtoto mgongoni na mifuko ya sokoni bado ana ngazi za kupanda baada ya lifti, na mtu wa kiti cha magurudumu hawezi kabisa kufika kwenye ghorofa zilizorukwa. Kwa makazi yaliyokusudiwa familia, hilo si dogo.

Kasoro kubwa zaidi ilikuwa nje ya uzio. Mtaa wa Riverside, unaopakana na makazi haya, ulikuwa wa wafanyakazi, wakiwemo Wamarekani Weusi wengi, wenye nyumba za mbao za ghorofa mbili au tatu. Sert alijaribu kuyashusha majengo yake kidogo kidogo kuelekea mtaani ili yalingane nao. Wasanifu walisifu. Wenyeji waliona minara ya chuo inayoinyemelea mitaa yao, na kodi za nyumba zikawa mzigo. Juni 1970 wakazi wakiongozwa na Saundra Graham walipanda jukwaani katikati ya mahafali ya Harvard na kudai nyumba za watu wa kipato cha chini. Mwaka uliofuata Graham alichaguliwa kuingia baraza la jiji, na baadaye bunge la jimbo. Nafikiri hakuna hila ya ramani ambayo ingeuzima mgogoro ule, kwa sababu uligusa nani anamiliki ardhi, na hilo mchoro haulijibu.

Miaka ya 1990 makazi yalifanyiwa ukarabati mkubwa. Lakini vituo vya lifti haviongezeki kirahisi katika jengo la namna hii: ukiifungua lifti kwenye ghorofa isiyo na korido, abiria atatokea ndani ya nyumba ya mtu, na kumtengenezea njia ya kupita ni kuikata nyumba ile inayopitisha hewa toka ukuta hadi ukuta.