Afande: ni cheo au ni heshima tu?

Kuhusu neno hili tunalowaitia askari husemwa mengi; tuyapime moja moja.

"Afande ni neno la Kiarabu." Limepitia kwa Waarabu, lakini halikuzaliwa kwao. Ni efendi ya Waturuki, ambao nao waliitoa kwa Wagiriki, kwenye neno la bwana mwenye mamlaka. Enzi za Dola ya Osmani, efendi alikuwa mtu aliyesoma: karani, kadhi, ofisa wa chini jeshini. Wakubwa zaidi walikuwa bey na pasha.

"Afande hakijawahi kuwa cheo." Hapa ndipo wengi wanapoteleza, maana leo kweli si cheo, kwenye orodha ya vyeo vya JWTZ, jeshi la Tanzania, hulioni. Lakini mwaka 1889 ofisa wa Kijerumani Hermann von Wissmann alipokuja kupigana na Abushiri, aliyeongoza watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, alileta Wasudani aliowaandikisha Misri, nao wakaja na vyeo vyao vya Kituruki. Ndiyo maana jeshi la Wajerumani huku kwetu lilikuwa na ombasha (koplo, kwa Kituruki ni mkuu wa watu kumi), shaushi (sajenti), na juu yao wote efendi. Mwafrika hakupanda zaidi ya hapo.

Waingereza nao wakakitumia. Katika KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki) ya miaka ya 1950, efendi alimzidi sajenti meja, ila hakuwa ofisa kamili mwenye kamisheni ya Malkia. Idi Amin alikipata mwaka 1959, akawa luteni 1961. Kwa maoni yangu, wakoloni wote wawili walikipenda kwa sababu ileile: kilimpa Mwafrika jina la ukubwa bila kumkabidhi ukubwa wenyewe.

"Afande ni mwanamume." Si kwa Kiswahili. Mkuu wa kituo akiwa mama, ni afande vilevile.

"Waturuki bado wanaitana hivyo jeshini." Mwaka 1934 sheria ilifuta efendi, bey na pasha. Askari wa Kituruki leo humwita mkubwa wake komutanım, yaani kamanda wangu, na efendim imebaki ya kupokelea simu. Kairo ndiko utakakosikia askari akimjibu mkubwa wake "afandim". Uganda na Rwanda wanajeshi husema afande kama Tanzania na Kenya, ila raia tumelishusha: trafiki akisimamisha gari, hata awe konstebo wa juzi, dereva anashusha kioo na kusema "shikamoo afande", wakati konstebo huyo mwenyewe humwita sajenti wake afande.