Simbilisi Anayedondosha Mate: Usimkate Meno, Mlete Mapema

Kiangazi kikikolea huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, majani mabichi huadimika na simbilisi wengi hubaki wanaishi kwa pumba, ugali uliobaki na maganda ya viazi. Hapo ndipo tunapoanza kuletewa wagonjwa: simbilisi hali chakula, kidevu kimelowa mate, amekonda mpaka mifupa ya mgongo inahesabika. Na mara nyingi anafika akiwa ameshakatwa meno ya mbele kwa plaizi. Hilo la plaizi ndilo lililonifanya niandike.

Simbilisi ana meno 20, manne ya mbele na magego 16, na yote hukua maisha yake yote. Narudia: yote, na kukua huko si ugonjwa. Kinachoyapunguza ni kusagana yenyewe kwa yenyewe mnyama anapotafuna nyasi kwa saa nyingi. Pumba na ugali havimpi kazi hiyo. Magego yasiposagika, ya chini hulalia ndani mpaka yakaufunika ulimi, na ya juu huelekea shavuni na kulichana. Ndiyo maana mnyama anakisogelea chakula, anakichukua, kisha anakiangusha. Meno ya mbele unayoyaona yamerefuka mara nyingi ni matokeo. Chanzo kiko nyuma, usikoweza kuona. Ukiyakata kwa plaizi, jino linaweza kupasuka kwa urefu mpaka kwenye mzizi na kutunga usaha, na magego yamebaki vilevile.

Wengine husema mate yale ni dalili ya sumu, wakamnywesha maziwa. Maziwa hayanyooshi gego.

Chanzo kingine ni kiseyeye. Simbilisi, kama sisi, hawezi kujitengenezea vitamini C. Akiikosa kwa wiki chache, viungo huuma na meno hulegea. Anahitaji takriban miligramu 10 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, na hadi 30 akiwa mgonjwa au ana mimba. Gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200, kwa hiyo kipande kidogo cha pera kila siku kinatosha, au pilipili hoho. Majani ya viazi mviringo yana sumu, msiwape. Wakati wa mvua kata nyasi za akiba, zikaushe vizuri na kuzihifadhi pasipo unyevu. Zitasaidia meno kiangazi chote, ila vitamini C yake huwa imepotea, hivyo pera au hoho bado litahitajika.

Dawa sasa. Msimpe simbilisi penisilini wala amoksilini, hata kama ilimponya ng'ombe au mtoto wako. Dawa hizi huua vijidudu vyema vya tumboni mwake, vile vya sumu vikatawala, na mnyama anaweza kufa ndani ya siku chache. Nimeshaeleza hili mara nyingi na bado watu wanazinunua.

Utaratibu ni huu. Muone kwanza afisa mifugo wa kijiji au kata. Yeye atakuelekeza kwa daktari wa mifugo wa halmashauri, kwa kuwa magego husawazishwa mnyama akiwa amepewa nusu kaputi, kwa vifaa maalumu. Vikikosekana, atakupa rufaa. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo ipo Morogoro. Kokote utakakoelekezwa, fika asubuhi, mnyama akiwa ndani ya boksi lenye matundu, na ubebe chakula anachokula kila siku. Usimnyime chakula kwa kuwa umesikia habari ya nusu kaputi: simbilisi hatapiki, na tumbo lake likikaa tupu husimama kufanya kazi. Malipo ya serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba, nawe upewe stakabadhi. Usimkabidhi mtu fedha mkononi. Ukienda kwa mtoa huduma binafsi, mwombe akuonyeshe cheti chake cha Baraza la Veterinari. Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003 inakataza kutoa huduma hiyo bila kusajiliwa, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama. Anayezunguka mitaani na plaizi akitoza watu fedha anajiweka hatarini kwa sheria zote mbili, na anaweza kufikishwa mahakamani.

Mnyama asiyekula kwa nusu siku ni wa dharura. Ukiwa njiani au ukisubiri zamu, saga nyasi kavu, koroga na maji, mlishe kwa bomba lisilo na sindano kupitia pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo, kila baada ya saa chache. Ukimlaza chali atapaliwa.

Akishatibiwa, mpime uzito kila wiki kwa mizani ileile na uandike. Uzito hushuka kabla mate hayajaonekana. Wengi hulazimika kurudi baada ya wiki chache kwa kuwa gego lililopinda huendelea kukua limepinda. Na usimzalishe, maana kasoro ya taya inaweza kurithiwa na watoto wake.